Kamera Bila Lakiri

Hotuba ya fundi kamera mbele ya kikao cha wakaazi na maafisa wa polisi, Mombasa

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Hamjambo nyote: wazee wetu mlioketi mbele, kina mama, vijana wa matatu na wa boda mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti. Na nyinyi maafisa mliokuja na sare zenu mkaketi katikati yetu, nawashukuru kwa dhati. Mngeweza kumtuma mtu mmoja na kalamu aje aandike. Mmekuja wenyewe.

Mimi ni fundi. Kazi yangu ni kufunga kamera, madukani na majumbani, na zaidi kwenye magari: malori yanayopanda bara kutoka Kilindini, matatu za Mtwapa na Ukunda. Sikusomea sheria. Nitakayoyasema juu ya sheria ni yale ambayo kazi imenilazimisha kuyajua.

Miaka michache iliyopita alinijia mama mmoja kibandani kwangu, alasiri. Mwanawe alikuwa amekamatwa jioni moja mtaani, akapakiwa nyuma ya gari la polisi, na siku ya pili akapatikana hospitalini, mkono umevunjika mahali pawili. Maelezo yaliyoandikwa ni kwamba aliruka kutoka garini. Mama yule hakuja kulia. Alikuja na jambo moja tu. Pale alipokamatwa kijana pana duka lenye kamera inayotazama barabara, na aliambiwa ni mimi niliyeifunga. Akaniambia, "Mwanangu, mashine yako iliona. Nataka iseme."

Tukaenda. Mwenye duka alitupokea vizuri. Nikafungua mashine, nikatafuta tarehe, nikarudi nyuma, nikaja mbele. Hapakuwa na kitu. Hakuna aliyefuta. Diski ilikuwa ndogo, hutunza picha kwa siku kumi na nne, kisha huanza kuandika mapya juu ya yale ya zamani. Sisi tulifika siku ya kumi na tisa. Siku zote zile mama alikuwa akizungushwa: njoo kesho, njoo Jumatatu, anayeshughulikia faili ameenda kozi. Nilipomweleza habari ya diski aliniangalia kwa muda, kisha akasema, "Kwa hivyo wao walikuwa wanangoja tu." Nilifunga kisanduku cha mashine yangu nikashindwa hata kumwambia pole.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu mtu akisikia kamera imechezewa, humjia akilini picha ya nyundo, au waya uliokatwa. Ushahidi mwingi haufi hivyo. Hufa kwa betri iliyogeuzwa, kwa antena iliyolegezwa, kwa saa ya mashine iliyoachwa vibaya, na kwa kungojewa.

Kila baada ya mkasa, hapa kwetu na Nairobi, husimama mtu akasema: magari ya polisi yafungwe kamera, askari wavalishwe kamera vifuani. Naunga mkono. Nani asiyekumbuka Likoni tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu? Watu walikuwa bado wamepanga foleni ya feri wakitaka kwenda nyumbani, saa moja ya usiku haijafika, wakapigwa virungu na kutupiwa vitoa machozi. Tulijua kilichotokea kwa sababu wanahabari na abiria walikuwa na kamera na simu. Hapakuwa na kamera hata moja ya gari la polisi iliyotusaidia kujua. Kwa hivyo ndiyo, zifungwe. Lakini kabla tenda haijatangazwa nataka tuulizane swali ambalo mwenye lori yeyote huniuliza siku ya kwanza: ufunguo wa kile kisanduku atakaa nao nani?

Wenzetu wa matatu wanalijua swali hili kuliko wote humu ndani. Mnazikumbuka kanuni za waziri John Michuki, za 2003, zilizoanza kushika Februari 2004. Mikanda kila kiti, na kidhibiti mwendo, spidi gavana, gari lisipite kilomita 80 kwa saa. Kifaa kilikuwa kizuri. Lakini kiliachwa ndani ya gari la yule yule kinayemchunga. Haukupita muda mrefu, mafundi wakaanza kuombwa swichi ndogo chini ya kiti. Barabara ikiwa tupu gavana inalala, kizuizi kikionekana inaamka. Mimi mwenyewe nimeombwa swichi hiyo mara nyingi, na walioniomba hawakuwa majambazi. Walikuwa watu wenye familia, wanaosali, walioona kifaa kile kama adui wa mkate wao.

Na nani aliyewashika? Polisi wa trafiki. Walijifunza kutomwuliza dereva kama gavana inafanya kazi. Walitaka cheti, walitazama waya, walitafuta lakiri ya fundi, ule muhuri wa kufungia kifaa, kama imekatwa. Maafisa wangu, nyinyi ndio mliotufundisha kwamba neno la anayechungwa halitoshi kuwa ushahidi wa uzima wa kifaa kinachomchunga. Ninachoomba leo ni somo lenu wenyewe, lirudishwe kwenye gari lenu.

Hebu niwapeleke mbali kidogo, Los Angeles, Marekani. Mji ule ulikaa miaka mingi chini ya usimamizi wa serikali kuu kwa sababu ya mwenendo wa polisi wake, na kamera za magari zilikuwa sehemu ya dawa. Afisa akitoka garini hubeba maikrofoni ndogo mwilini, na sauti yake husafiri hewani hadi kwenye antena za gari. Mwaka wa 2013 wakaguzi wa polisi wenyewe waligundua kwamba katika kitengo kimoja cha kusini mwa mji, chenye magari yapatayo 80, karibu nusu ya magari hayakuwa na antena zake. Zilikuwa zimeng'olewa. Katika vitengo vya jirani wakakuta magari mengine kumi hivi yana kasoro hiyo hiyo. Picha iliendelea kurekodiwa vizuri. Kilichowekwa hatarini ni maneno: afisa alimwambia nini raia, na raia alijibu nini.

Mimi kama fundi nilipolisoma hilo nilitulia. Aliyeng'oa antena alikijua chombo. Alijua kwamba kamera isiyo na picha itaulizwa asubuhi yake, lakini kamera yenye picha na isiyo na sauti itaitwa hitilafu. Na magari yale hutumiwa na zamu baada ya zamu, mikono mingi. Wakuu wakasema hawawezi kujua ni nani, na uchunguzi wa kumtafuta mtu mmoja mmoja haukufanywa. Walichofanya baadaye ndicho kilichonifunza kitu. Walianzisha utaratibu wa kila afisa kuandika, anapolichukua gari na anapolirudisha, kwamba antena zipo. Daftari tu! Daftari la kupokezana gari. Kuanzia hapo antena ikipotea, inapotea mikononi mwa mtu mwenye jina.

Chicago ni kisa kizito zaidi. Usiku wa tarehe 20 Oktoba 2014, kijana wa miaka 17, Laquan McDonald, alipigwa risasi 16 na afisa wa polisi Jason Van Dyke. Taarifa za polisi zilisema kijana aliwaelekea maafisa na kisu. Zaidi ya mwaka ulipita kabla video ya gari moja kutolewa kwa amri ya mahakama, Novemba 2015, na dunia ikaona kijana anatembea akijitenga nao. Video hiyo haikuwa na sauti. Magari kadhaa yalikuwa pale, na sauti ya maana haikupatikana. Polisi wa Chicago walipokagua kamera zao mwishoni mwa mwaka huo, wakakuta asilimia 80 hivi hazirekodi sauti, na wenyewe wakakiri kwamba baadhi ziliharibiwa kwa makusudi. Kulikuwa na maikrofoni zilizotupwa kwenye dashibodi, betri zimewekwa kinyume.

Sasa sikilizeni jambo la ufundi. Kamera ya gari alilotumia Van Dyke ilikuwa imekwenda kwa mafundi zaidi ya mara moja mwaka ule wa 2014. Ilitengenezwa mwezi Juni, kesho yake ikaripotiwa mbovu tena. Mafundi wakaandika kwamba uharibifu ulikuwa wa kukusudia. Ikarudishwa kazini tarehe 8 Oktoba, siku 12 kabla ya risasi zile. Yaani fundi mwenzangu, mtu nisiyemjua, alikuwa amekwisha kupiga kengele kwa maandishi. Kadi yake ya matengenezo ilikuwa kwenye faili, na hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuisoma. Van Dyke alihukumiwa Oktoba 2018 kuwa na hatia ya kuua, daraja la pili, na ya kujeruhi vibaya kwa bunduki, shtaka moja kwa kila risasi. Bila video ile ya upande mmoja, isiyo na sauti, karatasi ya polisi ndiyo ingekuwa historia.

Nirudi nyumbani, maana kuna atakayesema hayo ni ya Wamarekani. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu aliyekuwa akifundisha huku kwetu Taita Taveta, alichukuliwa Homa Bay kwao, akapelekwa kituo cha Central, Nairobi, na akafa mikononi mwa polisi. Kwanza tuliambiwa alijigonga kichwa ukutani. Wapasuaji maiti walisema majeraha yake hayakubaliani na maelezo hayo. Kisha Mamlaka ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, ikawaeleza maseneta kwamba kamera za kituo zilikuwa zimechezewa na diski zikafomatiwa. Kesi iko mahakamani na sitaisemea. Nasema tu kama fundi: kufomati diski hakuhitaji uhodari. Kunahitaji mtu afike kwenye mashine na awe na nywila. Mashine ya kituo ilikuwa ndani ya kituo, na nywila ilikuwa inapatikana. Wahenga walishasema habari ya kesi ya ngedere kumpelekea nyani.

Sasa tazameni mji huu. Kontena likitoka bandarini kwenda Uganda, mamlaka ya ushuru hailifungi kwa kumwamini dereva. Hupachikwa lakiri ya kielektroniki mlangoni. Tangu 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zina mfumo mmoja wa kufuatilia mizigo. Lori likiacha njia, au mlango ukiguswa kabla ya wakati, ishara huruka hadi kwenye chumba cha kuangalia, na kikosi kilicho barabarani hupewa habari. Dereva hana ufunguo. Mwenye lori hana ufunguo. Hata mita ya umeme ukutani kwangu ina lakiri, na pampu ya mafuta pale kituoni ina lakiri ya wakaguzi wa vipimo. Tunalinda lita moja ya petroli. Tunalinda bale la mitumba. Halafu kumbukumbu ya dakika za mwisho za mtoto wa mtu tunaiacha kwenye memori kadi ambayo hata mimi naweza kuichomoa kwa ukucha.

Mwenye kuuza lakiri atakwambia ukweli ukimwuliza vizuri: lakiri haimzuii mwizi mwenye koleo. Kazi yake ni kwamba akishaifungua, hawezi tena kusema haikufunguliwa. Hiyo ndiyo kazi ninayoitaka kwenye gari la polisi, na inawezekana kwa vifaa vilivyopo sokoni leo. Niruhusuni niingie ndani ya gari kidogo. Hapa ndipo penye mambo, na ndipo wanaoandika tenda hupita haraka.

Kamera nyingi za bei rahisi hupata moto kutoka kwenye tundu la kiberiti. Ukichomoa, imekufa, na haijui kwamba ilikufa vipi. Kamera ya kazi hufungwa moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi yake, na ndani yake hukaa hifadhi ndogo ya umeme ya kuipa nafasi ya kufunga faili na kuandika: umeme umekatwa, saa fulani, gari likiwa mahali fulani, mwendo kadhaa. Ona tofauti. Ya kwanza ikizimwa inakuwa kimya. Ya pili ikizimwa, kuzimwa kwenyewe kunakuwa ushahidi.

Kuwasha nako kusiwe kwa kidole cha afisa. King'ora kikilia, kamera iamke. Taa za buluu zikiwaka, iamke. Mlango wa nyuma wa Land Cruiser, ule wanaopakiwa watu, ukifunguliwa, iamke. Na iwe na kumbukumbu ya nyuma. Mashine nzuri hurekodi mfululizo hata kabla haijaamriwa, na ikiamriwa huhifadhi pia sekunde zilizotangulia. Baltimore, Januari 2017, afisa mmoja alionekana akiweka dawa za kulevya ndani ya mkebe kwenye takataka, akatoka hadi barabarani, akabonyeza kamera ya kifuani, kisha akarudi "kuzigundua". Hakujua, au alisahau, kwamba kamera yake huhifadhi sekunde 30 za kabla ya kubonyezwa, picha bila sauti. Alipatikana na hatia mwaka uliofuata. Sekunde 30 tu. Fikirini mtu aliyekuwa akishtakiwa kwa dawa zile angemwambia nani akaaminiwa.

Saa ya mashine. Hili hudharauliwa, na limenipotezea usingizi kortini. Betri ndogo ya saa ikifa, kamera hurudi kwenye tarehe ya kiwandani, na picha ya jana inajiandika mwaka ambao hata gari halijanunuliwa. Zaidi ya hapo sisi Waswahili tuna saa yetu. Shahidi anasema saa mbili usiku, mashine inasema 20:00, karani anaandika 2:00, na wakili wa upande wa pili ana shughuli ya siku nzima. Kamera ya gari la polisi ichukue saa kutoka kwenye setilaiti, isirekebishwe na mkono wa mtu yeyote.

Kisha faili lenyewe. Kila faili likifungwa, mashine ilipige hesabu ya hashi, kama alama ya kidole ya faili hilo, ambayo hutoa mstari wa herufi na tarakimu 64. Ukibadilisha hata nukta moja ya picha, mstari wote unageuka. Mstari huo usibaki garini. Urushwe papo hapo kwa mtandao wa simu. Ni mdogo kuliko ujumbe mfupi, unapita hata penye mtandao dhaifu kule Mariakani. Video nzima inaweza kungoja gari lifike kituoni ishushwe kwa hewa, bila mtu kushika kadi. Lakini ule mstari uwe umeshafika, na uwe umefika kwa watu wawili kwa mpigo: polisi wenyewe, na IPOA. Hapo mtu akija na video iliyochakachuliwa hatuna haja ya kubishana naye. Tunalinganisha mistari miwili.

Siku za kutunza ziandikwe kwenye sheria, zisiachwe kwa ukubwa wa diski. Na likitokea jeraha, kifo au malalamiko, faili ligandishwe siku hiyo hiyo, lisifutike hata diski ikijaa. Yule mama wa siku ya kumi na tisa asingefika kwangu mikono mitupu.

Najua wapo maafisa humu wanaojiuliza, na sisi je? Tunavuliwa heshima? Nimefanya kazi na madereva wa malori miaka mingi, na nimewaona waliochukia kamera mwezi wa kwanza wakija kunibusu mkono mwezi wa nne, kwa sababu mtu alijirusha mbele ya lori usiku na kamera ikaeleza. Afisa mwema anayesingiziwa rushwa ana shahidi yule yule. Lipo pia suala la siri, na hilo nalibeba kwa uzito. Gari la polisi hubeba msichana aliyenajisiwa. Hubeba mtoto aliyepotea. Hubeba mtu anayetoa habari za majambazi na ambaye akijulikana atauawa. Watu hao wana haki chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na wana haki ya ubinadamu kabla ya sheria yoyote. Dawa yake ni kufunga mlango wa kutazama. Picha irekodiwe yote, lakini kuitazama kuwe kwa ruhusa, na kila aliyeitazama jina lake na saa yake vibaki kwenye kumbukumbu za mashine. Swichi ya kuzimia mikononi mwa afisa haimlindi msichana yule. Inamlinda afisa.

Wengine watasema kamera hazibadilishi kitu. Wana hoja. Washington, walifanya utafiti wa maafisa zaidi ya 2,200, matokeo yakatoka 2017, na wale waliovaa kamera hawakuonekana kutofautiana sana na wasiovaa katika matumizi ya nguvu. Kwa hivyo tusinunue kamera tukidhani tumenunua tabia njema. Tunanunua kumbukumbu. Na kumbukumbu hiyo haina kazi kama hakuna atakayeulizwa ikikosekana.

Na hapa tayari tuna sheria. Katiba ya 2010, ibara ya 244, inaitaka Huduma ya Polisi izuie ufisadi na ikuze uwazi na uwajibikaji. Sheria ya IPOA ya 2011 inawataka polisi waiarifu mamlaka hiyo mtu anapokufa au kujeruhiwa vibaya kwa vitendo vyao, na wachukue hatua za kulinda ushahidi. Kuharibu kitu kinachohitajika kortini ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Sheria ya Ushahidi, kifungu 106B, inataka rekodi ya kielektroniki ije na cheti kutoka kwa anayehusika na kifaa, kwamba kilikuwa kikifanya kazi sawasawa. Mimi nimeandika vyeti hivyo kwa kamera za maduka. Sasa niambieni, kwenye gari la polisi cheti ataandika nani? Ikiwa ni mkubwa wa kituo kile kile kinacholalamikiwa, raia amepewa haki kwenye karatasi ikachukuliwa kwa kalamu.

Ninalotaka mimi liongezwe ni moja. Kamera ya gari la polisi ikikutwa ilizimwa, imefunikwa, au haina sauti, na hakuna sababu iliyoandikwa kabla ya tukio na afisa aliyelichukua gari siku hiyo, basi korti iruhusiwe kuyaamini maelezo ya raia mahali pale penye kimya. Leo kimya cha kamera humfaidi aliyeinyamazisha. Ubadilishwe mzigo huo, na mtaona jinsi kamera zitakavyoacha kuharibika.

Wazee wa Kwale mliomo humu mnalikumbuka jina la Kwekwe Mwandaza. Binti wa miaka 14, aliyepigwa risasi ndani ya nyumba kijijini Kinango, usiku, Agosti 2014. Ilisemekana aliwashambulia polisi kwa panga. Mwili wake ilibidi ufukuliwe ukachunguzwe upya. Februari 2016, hapa hapa Mahakama Kuu ya Mombasa, maafisa wawili walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia wakafungwa miaka saba kila mmoja, na ikawa hukumu ya kwanza kupatikana kutokana na uchunguzi wa IPOA. Kaburi la mtoto lilifukuliwa ili tujue ukweli wa dakika chache. Mimi huifikiria familia ile kila ninapomsikia mtu akisema lakiri za kamera ni gharama.

Mpaka sheria ije, tuna la kufanya sisi wenyewe. Likitokea jambo, usianze na Facebook. Andika namba ya gari, ile ya GK ya magari ya serikali. Kama gari halina namba, liandike hilo pia, na rangi yake, na lilielekea wapi. Andika saa, na useme ni saa ya Kiswahili au ya Kizungu. Tazama juu: duka gani lina kamera, benki gani, msikiti gani, lori gani lilikuwa limeegeshwa lenye kamera kiooni. Nenda siku hiyo hiyo, au kesho yake alfajiri, umwombe mwenye kamera akutunzie. Msimwombe awape video barabarani. Mwambieni aihifadhi na asiifute, na mwachieni barua. Nakala ya barua ipelekeni ofisi ya IPOA hapa Mombasa, na wapo MUHURI na Haki Africa, mashirika ya haki za binadamu, watakaowashika mkono. Na nyinyi wenye maduka niliowafungia mashine, njooni niwapimie diski zenu zinatunza siku ngapi. Sitawatoza kwa kupima.

Kwenu maafisa, ombi langu halingoji bunge. Mkuu wa kituo anaweza kuanza kesho na daftari la kupokezana gari: nani amelichukua, saa ngapi, likiwa na nini, amelirudisha likiwa na nini. Magari yenu mengi hayana kamera bado. Anzeni na redio, na kioo, na namba za gari mbele na nyuma. Siku kamera itakapokuja itakuta mahali pa kuandikwa.

Barua nilizozitaja nimezipiga chapa, ziko juu ya meza karibu na mlango. Nimeacha nafasi wazi kwa namba ya gari, tarehe, saa na mahali. Chukueni mbili mbili, moja ya nyumbani na moja ya jirani. Yule mama ndiye atakayewagawia.